Ufundi Nao ni Amana



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wenu mmefika chuoni kwa njia ya sekondari ya kawaida. Mimi nimetoka shule ya sekondari ya ufundi hapa Bujumbura, fani ya umeme. Nilipomaliza miaka 9 ya elimu ya msingi na kupangiwa huko, jirani mmoja alimpa mama pole kana kwamba tumefiwa. Hata leo wapo wanaodhani kuwa shule za ufundi ni za walioshindwa. Lakini Nabii Nuhu (a.s.) aliunda jahazi, Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala, na Nabii Daudi (a.s.), pamoja na ufalme wake, alikula kutokana na kazi ya mikono yake. Anayemdharau fundi na aangalie anamdharau nani.

Hilo ni la kwanza, nalo ni jepesi. La pili ni zito, na linanihusu mimi mwenyewe.

Mwaka wa mwisho nilikwenda kufanya mazoezi ya kazi kwa fundi mmoja Buyenzi. Mnaijua Buyenzi: Kiswahili, misikiti na gereji. Siku moja fundi alinipa pesa za waya, akanituma peke yangu kwa bibi mmoja mjane nikaweke umeme katika vyumba viwili. Shuleni tulifundishwa wazi: taa ni waya wa milimita mraba 1.5, soketi ni wa 2.5. Mimi nilinunua wa 1.5 kwa kazi yote, pesa iliyobaki nikaitia mfukoni. Mwashi akapiga plasta, taa zikawaka. Bibi akanipa chai na mkate, akaniombea: "Allah akubariki, mwanangu." Nikaitikia, "Aamin."

Waya mwembamba hauharibiki siku hiyo. Unangoja siku ya pasi na jiko la umeme kwa pamoja. Hapo unapata moto, plastiki yake inayeyuka taratibu ndani ya ukuta, na fyuzi iliyowekwa kwa kuhesabu waya mnene haikati. Hayo yote niliyajua. Niliyajibu katika mtihani na nikapata alama nzuri.

Wiki chache baadaye, baada ya swala ya Magharibi, sheikh alifasiri aya za Suratu Saba zinazomtaja Nabii Daudi. Allah alimlainishia chuma, akamwamuru atengeneze deraya, yaani nguo za vita za chuma, na apime vizuri katika kuunganisha pete zake. Hapo hapo ikafuata amri ya kutenda mema, kwani Yeye anayaona yote wanayoyatenda. Sheikh akasema: "Pete moja ikilegea, mkuki unapita hapo. Aliyeivaa hajui. Anayejua ni fundi na Mola wake."

Sikusikia tena yaliyofuata. Nilikuwa nauona ukuta wa bibi.

Ndugu zangu, kipimo cha pete na amali njema vimetajwa katika aya moja. Sisi tumevitenganisha: swala ni dini, waya ni mambo ya dunia. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula, akakuta chini kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, akaonya kwamba anayeghushi hayuko pamoja naye. Ukuta wangu nao ulikuwa lundo la namna hiyo.

Istighfari ilikuwa rahisi, lakini haki ya mja hurudishwa kwa mwenyewe. Siku ya tatu nilikwenda kwa bibi nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na wajukuu wangu wanaolala chumba kile, uliwafikiria?" Sikuwa na jibu. Nilikopa pesa kwa kaka yangu, nikabomoa plasta, nikabadilisha waya, nikamlipa mwashi. Fundi nilipomwambia, alinifukuza. Bibi hakuniombea dua siku hiyo, wala sikuidai.

Wewe unayesomea uhandisi, kesho utatia saini mchoro wa daraja. Wewe wa famasia utapima dawa ya mtoto. Wewe wa uhasibu utafunga hesabu ya watu wasiojua kuisoma. Mara nyingi hakutakuwa na mtu wa kufungua ukuta wako. Na anayenakili ripoti ya maabara ya mwenzake leo, anaizoeza mikono yake waya mwembamba. Kama uko ukuta uliouacha nyuma, rudi ukaufungue kabla haujashika moto.

Ewe Mola wetu, tujaalie elimu yenye manufaa, riziki ya halali na mikono yenye amana. Aamin.

Wabillahi tawfiq.