Jina Mlangoni

Kenya ilipoanzisha Gredi ya 7 ya sekondari msingi mwaka 2023, madarasa yaliwekwa kwenye shule za msingi. Mimi naona ilikuwa heri: mtoto wa miaka 12 bado anahitaji kulala kwao, si bwenini. Ila umri huo una mambo yake. Sauti inakuwa nzito, chunusi zinatoka, na yule aliyezoea kunyoosha mkono sasa anajikunyata nyuma ya mwenzake. Mwalimu anayesimama mlangoni akimwita kila mmoja kwa jina, akimuuliza mgonjwa wa nyumbani anaendeleaje, huyo ameshaanza kufundisha. Nawe mzazi, jioni ya leo alama zisubiri kwanza. Muulize amekula chakula cha mchana na nani.