Kuhesabu Mbele ya Mgeni

Liko swali moja ambalo kila mtu aliyepata kucheza na asiyemjua amelikuta njiani. Mwenye kitu cha thamani akilindeje, ilhali kitu chenyewe hakina raha wala maana mpaka kiwekwe katikati, mahali ambapo mkono wa mgeni waweza kukifikia? Akikificha, hachezi, akikiachia, yamkini atakipoteza, na akicheza huku macho yake hayabanduki vidoleni mwa mwenzake, mchezo umekwisha kabla haujaanza. Naona kwamba swali hili twaliuliza nusu. Aghalabu twauliza jinsi ya kuilinda mali dhidi ya mgeni. Ni mara chache tunapouliza jinsi ya kumlinda mgeni dhidi ya dhana zetu. Nami nataka kuonyesha katika insha hii kwamba ulinzi mwema ni ule unaotimiza mambo yote mawili kwa tendo moja.

Nilikulia Temeke, na darasa langu la kwanza la elimu hii lilikuwa uwanja wa mchanga tuliouchezea gololi. Kila mtoto alikuwa na kopo lake, na katika kopo hilo mlikuwa na gololi za kawaida na gololi moja aipendayo kuliko zote. Ile moja ilikuwa ya kurushia tu. Aliyeshindwa alilipa kwa gololi ya kawaida, na hakuna aliyemwita mchoyo kwa sababu hiyo. Alipokuja mtoto wa mtaa mwingine, neno la kwanza halikuwa jina lake wala la baba yake. Lilikuwa swali: twacheza ya kulana, au twacheza ya bure? Siku ambazo swali hilo lilisahauliwa ndizo siku tulizorudi nyumbani na mashati yaliyochanika. Sikumbuki ugomvi uliozuka kwa sababu mgeni alikuwa mwovu. Nakumbuka mwingi uliozuka kwa sababu sheria ilitungwa baada ya mchezo kwisha.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la watoto wa uswahilini tu. Mwaka 1993 ulitolewa Marekani mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield. Karata zake hazifanani na zile 52 tuzijuazo. Kila mchezaji hununua, hubadilishana na hukusanya zake mwenyewe, na baadhi yake ni adimu kama lulu; mwaka 2021 karata moja ya mchezo huo, iitwayo Black Lotus, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 500,000. Kanuni za mwanzo zilikuwa na nafasi ya kila mchezaji kuweka karata yake moja kama dau, na mshindi akaichukua. Desturi hiyo baadaye iliachwa, na kwa hiyo wachezaji wa huko nao walikuja kuchagua kati ya ya kulana na ya bure. Walakini jambo moja lilibaki. Katika mashindano, mchezaji humkabidhi mpinzani karata zake azichange au azikate, ili pasiwe na shaka ya udanganyifu. Hazina ya mtu hupita katika mikono ya asiyemjua, tena kwa amri ya mchezo wenyewe. Ndiyo maana wenye karata hizo huzivika kila moja mfuko mwembamba wa plastiki, na wengi huziacha nyumbani zile ambazo hawawezi kuvumilia kuzipoteza.

Sisi wa pwani tulikuwa na kinga nyingine: tulijuana. Aliyeketi barazani alijulikana kwao, kwa mkewe na kwa madeni yake, na aliyechukua kisicho chake hakuwa na pa kukipeleka. Kinga hiyo imepungua nguvu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Mtu wa Mbagala ashuka daladala Mwananyamala, aona bao limezungukwa na watu, aomba zamu, acheza, aondoka. Na huenda asionekane tena mahali hapo mpaka kufa kwake. Mgeni si tena mtu ajaye mara moja kwa mwaka. Mgeni ndiye jirani yetu wa kila siku, na sisi ndio wageni wake. Kama hatuna adabu ya kucheza na tusiyemjua, basi karibu hatuna wa kucheza naye.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa nilijifunza kwa kukosea.

Marehemu baba yangu aliniachia kete za bao. Zilikuwa komwe 64, alizoziokota moja moja ufukoni Kilwa katika ujana wake, akichagua zilizolingana kwa umbo na uzito, na alizihifadhi katika kikoba cha marekani. Sokoni zisingepata bei ya kutajwa. Lakini zilikuwa zimechezwa miaka arobaini, na kwa kushikwa zilikuwa zimepata mng'ao ambao hakuna fundi awezaye kuutia kwa msasa. Jumamosi moja nilizichukua mpaka kijiwe kimoja cha Kinondoni, chini ya mwarobaini, kwa sababu kete za pale zilikuwa zimechanganyika na kokoto. Akaja kijana mmoja mpakuzi wa mizigo, ambaye hakuna aliyemjua, akaniamkia kwa heshima, akaomba tucheze. Alinifunga mara tatu. Jua liliposhuka nilizizoa kete kwa viganja viwili, nikaaga, nikaenda zangu. Nyumbani, sijui kwa nini usiku ule na si usiku mwingine, nilizihesabu. Zilikuwa 62.

Kesho yake nilirudi, nikamkuta. Mbele ya watu nilimwambia, "Kijana, kete zangu mbili ziko wapi?"

Hakukasirika. Alisimama, akaigeuza mifuko yake nje: sarafu chache, ufunguo, kipande cha kitambaa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, jana zilipotoka kikobani, ulizihesabu?"

Sikuwa nimezihesabu. Wazee wawili waliokuwa pale walinitazama, kisha wakatazama chini. Kijana alichukua shati lake, akaondoka, na tangu siku ile sijamwona. Sijui kama alichukua kete zile. Yamkini alichukua. Yamkini zilianguka katika mchanga, au zilipotea mwaka mmoja kabla yake mikononi mwa wanangu mwenyewe. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lililo hakika ni moja tu: nilimtuhumu mtu kwa hesabu ambayo haikuwa na mwanzo. Wahenga waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, mimi nilidhani msiba wa methali hiyo ni mali. Sasa naona kwamba msiba mkubwa ni huko kukosa habari. Mahali ambapo habari haipo, dhana hukaa, nayo humkalia aliye dhaifu kuliko wote waliopo, ambaye aghalabu ni yule asiye na mtu wa kumsemea.

Na aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa bao lenyewe lilikuwa limenifundisha nikakataa kujifunza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 32: huweka 6 katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, zile 22 zilizosalia hukaa akibani kwa ajili ya kunamua. Anayepanga bao kwa haki hawezi kuanza bila ya kuhesabu. Sisi siku ile tulizigawa kwa kukadiria, yeye akichota na mimi nikichota, kwa pupa ya kuwahi mchana. Laiti tungalihesabu kama mchezo unavyotaka, ama ningalijua kwamba kete zilikuwa 62 tangu mwanzo, ama kijana angalikuwa shahidi wangu kwamba zilikuwa 64.

Plato, katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, amwonyesha Socrates akimhoji Polemarchus juu ya manufaa ya haki. Katika kupanga kete za mchezo, mshirika afaaye ni mtu mwadilifu au mchezaji hodari? Mwenzake akubali kwamba ni mchezaji. Basi mwadilifu afaa wapi? Wafika mahali pa ajabu: yeye afaa pale fedha inapowekwa amana, yaani wakati ambapo fedha haitumiki. Socrates aionyesha natija hiyo ili tuione upungufu wake, kwani haki gani hii inayofaa vitu vikilala na isiyofaa vikiamka? Nami, baada ya mkasa wangu, naona kwamba kosa limo katika kutenganisha mambo hayo mawili. Kete zikiwa mbaoni ni mchezo, na papo hapo ni amana. Mpinzani wangu azishika zangu kama nimemkabidhi, nami nazishika heshima zake kama amenikabidhi. Uhodari wa kucheza wataka akili. Lakini kule kuketi pamoja tu, kabla kete ya kwanza haijanamuliwa, kwataka uadilifu wa pande mbili.

Mtu aweza kupinga akisema: kuhesabu mbele ya mgeni ni kumtukana, kwani ni kumwambia kwamba wamdhania mwizi. Pingamizi hili lina nguvu, na wengi wetu huacha kuhesabu kwa haya. Lakini tupambanue. Methali yasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kweli kamba ile ni fedheha, kwa sababu wenyeji wote wazunguka uani huru na yeye peke yake amefungwa. Kuhesabu kunakotukana ni kule kwa siri, au kule kufanywako kwa huyu na kuachwa kwa yule. Kanuni ikiwafunga wote, mwenyeji na mgeni, ndugu na mpita njia, huacha kuwa kamba, huwa mlango ambao kila mtu aupitia. Baba yangu alihesabu kila mara, hata alipocheza na ndugu yake wa tumbo moja, nami utotoni nilidhani ni ubahili. Baada ya mkasa huu nilimwendea baba mdogo nikamsimulia. Akasema, "Baba yako hakuhesabu kwa kuwa alikuwa na shaka. Alihesabu ili asiwe nayo." Akanikumbusha pia jambo nililokuwa nimelisahau: marehemu hakuhesabu yeye. Alikuwa akimsukumia mgeni kikoba, akimwambia, "Tuhesabie, bwana."

Mwingine atapinga kwa upande wa pili: kitu cha thamani kiwekwe kabatini, wala kisichezwe na watu usiowajua. Simlaumu kwa kila kitu. Mtoto wa gololi alijua kwamba ile aipendayo hailipwi, na mwenye karata ya thamani ya nyumba ana haki ya kuiacha nyumbani. Kipimo changu ni hiki: usilete mchezoni kitu ambacho ukikipoteza hutaweza kumsamehe mtu. Lakini hofu ikizidi hapo, yala kile inachokilinda. Mng'ao wa kete za baba haukutoka kabatini. Ulitoka katika vidole vya watu wa Temeke na Kilwa, na wengi wao hakuwajua kwa majina. Kama angaliziweka salama, ningalirithi mbegu za mkomwe.

Kwa hiyo nawausia wanafunzi wangu, na nafsi yangu kabla yao, mambo matatu. La kwanza, chagua ukiwa nyumbani kitakachotoka na kitakachobaki, wala usichague mbele ya mgeni kwa kumtazama uso. La pili, kabla ya mchezo toa masharti waziwazi na hesabu iwe ya wote, akiwamo mgeni, maana aliyeshiriki kuhesabu ameshiriki kulinda. La tatu, ikiwa umeacha hayo mawili na kitu kimepotea, basi hasara ni yako na ulimi wako ukae kimya mpaka upate ushahidi. Kwa kuwa mzembe hana haki ya kulipia uzembe wake kwa jina la mtu mwingine.

Nimetafuta komwe mbili nyingine nikazitia kikobani. Ni mpya, hazing'ai, na kila achezaye hunigundua nazo na kuniuliza habari zake. Humweleza yote, bila ya kuificha aibu yangu. Kisha humsukumia kikoba nikamwomba atuhesabie, naye huhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka 64, na watu wote wasikia. Kijana yule bado namtazamia kila niketipo chini ya mwarobaini ule. Kete mbili nimezipatia badala. Neno nililomwambia mbele ya watu sijalipatia, na kulipia deni hilo kwanitaka nimwone kwanza, tena mbele ya watu wale wale.