Ushuhuda Unaolipiwa

Wiki hii sitarudia hubiri la Jumapili kama kawaida yetu. Nataka kujibu swali nililoulizwa baada ya ibada, tukiwa tunapanga viti, na nikashindwa kulijibu pale pale.

Dada mmoja wa kikundi cha sifa (ameniruhusu niandike, mradi nisimtaje) ana watu karibu elfu thelathini wanaomfuata TikTok. Anaimba, anapika, anachekesha kwa Kikamba. Kampuni fulani ya ng'ambo inayouza mafuta ya kujipaka ikamtumia ujumbe kwamba itampa shilingi 15,000 kwa video moja tu. Maneno ya kusema yalikuwa yameshaandikwa: aseme ameyatumia siku 30 na madoa yote yameisha usoni. Chupa yenyewe ingefika baadaye kwa posta. Akaniuliza, "Pasta, hii ni dhambi, ama ni kazi tu kama kazi nyingine?"

Hebu tusiharakishe kumjibu. Shilingi 15,000 ni kodi ya miezi mitatu ya chumba chake kule Katoloni. Ana diploma, na tangu amalize chuo amezunguka na bahasha ya vyeti mpaka imechakaa. Na hii kweli ni kazi. Tangu Julai 2023, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, mkazi wa Kenya anayelipwa kwa kutengeneza maudhui ya mitandaoni anakatwa kodi ya asilimia 5. KRA haikati kodi kwa mchezo. Mimi pia si mmoja wa wale wanaosema simu ni ya shetani. Ibada yetu inarushwa Facebook, sadaka inaingia kwa M-Pesa, na sijasikia mzee wa kanisa akiikemea.

Kwa hivyo swali langu si kama kazi hii ni halali. Najiuliza ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Ukipita pale Kyumvi unaona mabango makubwa barabarani. Bango halina mama, halijui kuimba, halikukutembelea ulipofiwa. Ukilisoma unajua ni kampuni inajisifu. Lakini dada yetu akitokea kwa simu na kusema "mimi nimetumia", huo ni ushuhuda. Na sisi Wapentekoste tunajua ushuhuda ni nini! Kila Jumatano mtu anasimama hapa mbele anasema Bwana alivyomtendea, na hatumdai risiti. Tunaamini kwa sababu tunamjua. Hiyo imani ndiyo kampuni inataka kununua. Video angeweza kuitengeneza mtu yeyote.

Sasa hiyo imani ni ya nani? Yeye anadhani ni yake, kwa sababu akaunti ni yake. Mimi naona nusu yake ni ya watu waliomwamini. Mama anayeuza nyanya Marikiti alimwekea dada huyu akiba ya imani kidogo kidogo, miaka mitatu, kila alipocheka na video zake. Ukiuza kitu ambacho nusu ni cha mwenzako bila kumwambia, Kikamba na Kiswahili vyote vina jina la jambo hilo.

Ataniambia, "Lakini Pasta, kila mtu anajua ni tangazo." Kama kila mtu anajua, kwa nini maneno waliyomwandikia hayakusema "nimelipwa niwaambie"? Waliandika "nimetumia". Hata wao wanajua tofauti.

Jambo la kukodisha kinywa kutoka nchi nyingine si geni. Someni Hesabu 22. Balaki, mfalme wa Moabu, hakuwatafuta wasemaji wa kwao. Alituma wazee na ujira wa uganga mikononi mpaka Pethori, karibu na ule Mto, kwa Balaamu, kwa sababu neno la Balaamu lilikuwa linaaminiwa. Alipokataa mara ya kwanza, wakatumwa wakuu wengi zaidi, wenye heshima zaidi, na ahadi ikapanda. (Dada yetu pia alipokawia kujibu, walipandisha kutoka 10,000 hadi 15,000. Mambo ni yale yale.) Petro katika waraka wake wa pili, sura ya 2, anamkumbuka Balaamu kwa jambo moja: aliupenda ule ujira.

Mtu atasema mafuta ya ngozi ni kitu kidogo. Si kidogo sana; tunajua krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku hapa Kenya, na bado ziko madukani. Lakini wacha niwape jambo kubwa zaidi, ambalo wazazi wenye wasichana waliomaliza Form Four wanapaswa kulijua.

Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza mpango uitwao Alabuga Start, ulioko Tatarstan nchini Urusi. Ulitangazwa mitandaoni kwa wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka nchi kadhaa, Kenya na Uganda zikiwemo. Tiketi ya ndege bure, mshahara, kazi na masomo ya mambo kama hoteli na upishi. Walipofika, wengi wakajikuta kiwandani wakiunganisha droni za vita. AP ilisema walikuwa karibu wanawake 200 kutoka Afrika. Baadhi walilalamikia saa ndefu za kazi, kuchungwa kila wakati, na kemikali zilizowaharibu ngozi. Aprili mwaka huo droni ya Ukraine ilikuwa imeshapiga hosteli huko, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mpakani, na watu wakaumia.

Halafu Agosti 2025 kukawa na kelele kubwa Afrika Kusini. Watu maarufu wa mitandaoni, Cyan Boujee akiwa mmoja wao, walikuwa wameutangaza mpango huo huo kwa wafuasi wao. Serikali ikatoa onyo kwa vijana. Yeye akaifuta video na kuomba msamaha.

Sina haja ya kumrushia mawe. Naweza kuamini kabisa kwamba kuna waliotangaza bila kujua. Lakini fikirieni msichana wa miaka 19. Kampuni ya Tatarstan ikimwandikia, hataijibu. Hata Tatarstan hajui iko wapi. Anachokijua ni ule uso anaouona kila siku kwa simu. Aliuamini uso, akafunga sanduku.

Na hapa ndipo mpaka wa nchi unabadilisha hesabu. Mwenye duka hapa Machakos akikuuzia kitu kibovu, duka unalijua. Utarudi na kelele, utaenda kwa chifu, utaenda polisi. Kampuni ikiwa ng'ambo, utarudi wapi? Aliyebaki karibu ni shahidi peke yake. Wengi wenu mko kwenye sacco, kwa hivyo mnaelewa: mkopaji akitoroka, anakatwa aliyemdhamini. Hakuna anayemuuliza kama alikula zile pesa. Aliweka sahihi, basi. Nami naona anayeitolea ushuhuda kampuni iliyo mbali ameweka sahihi ya mdhamini, hata kama mkataba wake unaliita jambo hilo jina lingine. Mithali 6, mistari ya kwanza, inamzungumzia mtu aliyepeana mkono kwa ajili ya mgeni, akanaswa na maneno ya kinywa chake. Anashauriwa asilale, aende ajinasue kama paa mkononi mwa mwindaji.

Nikiandika haya, mkono hauko mwepesi. Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kwenye madhabahu hii nikamkaribisha mgeni aliyekuwa anauza ploti. Sikuwa nimeona hati hata moja. Nilisema tu, "Huyu ni ndugu yetu, msikilizeni." Alitoa sadaka nzuri siku hiyo. Familia nne zilinunua, na mpaka leo hazina ploti. Nilijitetea kwamba mimi sikuuza chochote. Kisha nikasoma Walawi 5:4 na kuona kwamba mtu akitoa kiapo kwa midomo bila kufikiri, kutojua kunamsitiri mpaka siku anapojua. Siku hiyo hatia ni yake, na mstari unaofuata unamtaka aungame. Wale wa familia nne wako hapa, na wawili bado hawaniiti pasta kwa moyo mkunjufu. Sina neno.

Basi nilimjibu dada yetu hivi, wiki moja baadaye. Nilimwambia asikatae kazi, abadilishe ushuhuda. Awaandikie kwamba atangoja chupa ifike, ajipake siku 30 kweli, kisha aseme alichokiona, kiwe kizuri ama kibaya, na mwanzoni mwa video aseme analipwa. Na ajiulize kama angempakia mdogo wake wa Form Two mafuta hayo.

Aliwaandikia. Walijibu siku hiyo hiyo, kwa heshima, kwamba kampeni inafungwa Ijumaa. Aliwaambia hapana. Kodi ya mwezi huo alilipa nusu, nusu nyingine anaidaiwa. Tafadhali, wenye hafla na harusi mwezi ujao, mnajua anaimba.

Video ilifanywa na msichana mwingine, na imetazamwa sana. Jumapili iliyopita mama mmoja wa kwaya alinionyesha kwa simu yake, akaniuliza, "Pasta, haya mafuta ni mazuri? Anasema ametumia siku 30." Nilimpeleka kwa dada yetu, nikawaacha wakiongea pale mlangoni.