Kucheza Bila Udhuru

Katika harambee nyingi za kuwanunulia watoto wa mitaa ya mabanda mipira, jezi na viatu vya densi, kuna jambo lisilokosa kusemwa: kwamba michezo itawaepusha watoto hawa na uhalifu na dawa za kulevya. Anayelisema ana nia njema, na hatari anazozitaja zipo kweli. Hata hivyo, kila nikilisikia nauma midomo. Hakuna anayelisema kuhusu mtoto wa Lavington, mtaa wa kitajiri wa Nairobi, anayepelekwa kuogelea Jumamosi asubuhi. Yule wa Lavington anaogelea kwa kuwa ni mtoto, na watoto hupenda maji. Wa mtaa wa mabanda wa Mathare, umbali wa kilomita chache tu, sharti kwanza atoe udhuru wa kucheza kwake.

Huu udhuru ndio unaonishughulisha. Katika kitabu cha nane cha *Siasa*, mwanafalsafa Aristotle anasema kwamba kutafuta faida katika kila kitu hakuwastahili watu huru. Kwake, muziki una nafasi katika malezi kwa sababu kuna sehemu ya maisha ambayo haitumikii jambo lingine lolote. Ipo kwa ajili yake yenyewe. Ni kweli kwamba Aristotle aliwanyima watumwa sehemu hiyo, na hapo alikosea vibaya. Lakini kosa lake linatufunulia jambo: ukitaka kujua jamii inamhesabu nani kuwa huru, angalia nani anaruhusiwa kufanya kitu kisicho na faida bila kuulizwa. Kwa kipimo hicho, mtoto ambaye kila teke la mpira wake lazima lizuie wizi fulani wa siku zijazo bado hatujamhesabu.

Nitajibiwa kwamba tumbo lina njaa, karo haijalipwa, na shilingi ni chache. Hoja hii ina uzito, na mimi siweki mpira mbele ya ugali. Lakini watoto wenyewe wamekwisha kuijibu. Nenda mtaa wowote wa mabanda Nairobi uone mipira ya makaratasi ya nailoni iliyofungwa kwa kamba. Waliofunga kamba hizo hawakungoja njaa iishe ndipo wacheze. Kibera kuna watoto waliojifunza baleti katika madarasa yaliyoondolewa madawati, wengi wao miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji. Tena kuna suala la wakati. Deni la karo laweza kulipwa muhula ujao. Umri wa miaka minane haulipwi ukishapita. Aliyeukosa ameukosa, hata akija kutajirika.

Ahadi zile za faida zina madhara mengine ambayo mchangishaji huenda hayaoni. Mtoto yupo pale. Ameketi kwenye nyasi, jezi mpya mwilini, na anasikia kwa kipaza sauti kwamba bila mchango huu angekuwa mwizi. Anajifunza mbele ya mama yake jinsi wageni wanavyomwona. Ahadi ya pili, ile ya kutoa bingwa, inaonekana kuwa ya heshima zaidi, lakini nayo inamwekea mzigo. Mathare United, timu iliyochipuka katika shirika la michezo la vijana wa Mathare, MYSA, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Ni fahari ya haki kabisa. Lakini wengi mno waliopitia ligi za watoto za shirika hilo hawakufika huko. Je, jioni zao zilipotea bure? Anayeamini kwamba thamani ya mchezo iko katika kombe hana budi kujibu ndiyo. Mimi nasema zilikuwa jioni za watoto, na zilitimia siku ileile.

Mwanaanthropolojia Marcel Mauss, katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba anayepokea hufungwa na wajibu wa kurudisha. Mtoto maskini atarudisha nini? Mara nyingi hurudisha kwa kucheza ngoma mbele ya mgeni rasmi, huku majina na viwango vya waliotoa vikisomwa. Sipingi watoto kuonyesha walichojifunza. Kutazamwa ni sehemu ya furaha ya densi. Ninachopinga ni densi kugeuzwa risiti.

Ndiyo maana utaratibu wa MYSA, ulioanza mwaka 1987, unanivutia. Timu za watoto husafisha mitaa yao, huzoa taka na kuzibua mitaro, na kwa kazi hiyo huongezewa pointi katika msimamo wa ligi. Mtu aweza kuuliza kama huu nao si udhuru. Sidhani. Hapa watoto wanachangia kama wanavyochangia wazazi wao: mama muuza mboga anatuma shilingi 50 kwa M-Pesa, mwanawe anashika koleo. Wote ni wenye mali. Palipo na wenye mali hakuna mgeni wa kushukuriwa, na ukocha na uongozi hurithiwa na waliolelewa humohumo.

Kuna jambo moja ambalo mchango hauwezi kulifanya, na haupaswi kubebeshwa. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road jijini Nairobi waliangusha ukuta uliojengwa kuukata uwanja wao wa kuchezea. Polisi waliwarushia vitoza machozi. Tunaweza kuchanga mpaka kila mtoto wa jiji awe na jezi, na bado akakosa pa kuivalia. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 31 kinataja kucheza kwa jina. Haki iliyoahidiwa na serikali haiwezi kuachiwa ukarimu wa majirani peke yake. Majirani wananunua mpira. Ardhi ya umma ni ya kulindwa na walioapa kuilinda.

Basi, msomaji, ukiletewa ujumbe wa kuomba mchango wa jezi au viatu vya densi, toa ulicho nacho, na usiulize mtoto huyo atakuja kuwa nani. Uliza uwanja uko wapi na hati yake inashikwa na nani. Uliza kama wasichana nao wamepangiwa zamu ya kuutumia, na kama kuna aliyewauliza watoto wenyewe wanataka kucheza nini.