Merikebu ya Pili

Kituo cha kwanza cha matembezi yetu kilikuwa Agora, uwanja wa soko na mikutano wa Athens ya kale. Ndani ya jumba la makumbusho, mwongozaji alitusimamisha mbele ya kabati la kioo lililojaa vigae, vipande vya vyungu vilivyovunjika. Kila kigae kilikuwa kimekwaruzwa jina la mtu.

"Hizi ni kura," alisema.

Kila mwaka wananchi wa Athens waliulizwa kama wanataka kumwondoa mtu mjini. Wakikubali, ilipangwa siku, na kila raia alikuja hapa Agora na kigae chenye jina. Kura zikitimia 6,000, aliyetajwa na wengi alipewa siku kumi za kufungasha, kisha akakaa nje kwa miaka kumi. Hakusomewa mashtaka wala hakupewa nafasi ya kujitetea.

Mwongozaji akaongeza jambo moja. Ndani ya kisima kimoja kwenye mteremko wa Acropolis, wachimbaji walipata vigae takriban 190, karibu vyote vina jina la Themistocles, shujaa wa vita dhidi ya Waajemi. Wataalamu walipolinganisha miandiko, waliona ni ya watu kama 14 tu. Huenda kuna waliowaandikia wasiojua kuandika. Huenda kuna waliotaka kumgawia kila mpita njia kura iliyokwisha kuandikwa.

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza.

Nilipokuwa kidato cha tatu, pesa za mwenzetu zilipotea bwenini. Kiranja alichana karatasi za daftari, akatuambia kila mmoja aandike jina la mwizi. Sikumshuku mtu yeyote. Jirani yangu aliinamisha karatasi yake ili nione, nami nikanakili. Kijana aliyepata kura nyingi alichapwa, akarudishwa kwao. Baada ya wiki mbili pesa zilionekana ndani ya foronya ya mwenye pesa. Hakuna aliyeitisha kikao. Tukiulizana kwa siri, jibu lilikuwa moja: bweni zima lilipiga kura. Maana yake, hakuna aliyefanya.

Kutoka Agora tulipanda taratibu kuelekea kilima cha Pnyx. Njiani mwongozaji alitueleza habari za Cleisthenes, ambaye mwaka 508 KK aliwapanga upya raia katika makabila kumi. Kila kabila lilichanganya watu wa pwani, wa bara na wa mjini, ili ukoo mmoja wenye nguvu usiweze tena kuwaburuta watu wake kama kundi. Uamuzi ukawa wa raia wote. Nilikuwa nimefundishwa kuisikia habari hiyo kama habari njema tu. Siku ile nilijiuliza: uamuzi ukiwa wa wote, lawama ni ya nani?

Pnyx ni mteremko wa mawe wenye jukwaa lililochongwa mwambani, unaotazamana na Acropolis. Jukwaa lenyewe lilichongwa baadaye, lakini ni kwenye kilima hiki raia walikutana na kuamua kwa kuinua mikono. Mwaka 427 KK waliamua kuhusu Mytilene, mji wa kisiwa cha Lesbos ulioasi: wanaume wote wazima wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikang'oa nanga siku hiyohiyo kupeleka amri.

Asubuhi yake watu waliamka na majuto. Mkutano ukaitishwa tena. Cleon aliwaonya wasigeuke, akasema huruma itawaangusha watawala. Diodotus akamjibu kwa hoja ya faida, kwamba kuwaua watu wote hakutailinda Athens. Mikono ilikaribia kulingana, Diodotus akashinda kwa tofauti ndogo. Merikebu ya pili ikaondoka ikiwa nyuma kwa karibu siku nzima. Wapiga makasia wake walikula unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta huku wakivuta, wakalala kwa zamu. Kamanda alikuwa ameshaisoma amri ya kwanza, anajiandaa kuitekeleza, walipofika.

Thucydides, aliyeandika habari hizi, anataja pia kwamba merikebu ya kwanza haikwenda kwa haraka, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya kuchukiza. Hapo ndipo nilipokwama. Merikebu ya vita ilikuwa na wapiga makasia wapatao 170, na miongoni mwa watu wa kazi hiyo walikuwamo raia maskini, wenye haki ya kuinua mkono Pnyx. Mkono uliopiga kura ungeweza kujikuta umeshika kasia. Kwenye kasia, ile "sisi" ya mkutanoni inakuwa uzito unaouvuta mwenyewe.

Sitaki kuwapamba. Watu wa Mytilene waliohesabiwa kuwa viongozi wa uasi, zaidi ya 1,000 kwa maelezo ya Thucydides, waliuawa hata hivyo. Mwaka 416 KK Athens iliwaua wanaume wa Melos, na safari hiyo hakuna merikebu ya pili iliyotumwa. Wanawake, watumwa na wakazi wageni hawakuwa na mkono wa kuinua Pnyx hata siku moja.

Kwetu husemwa: wengi wape, wachache wasikilizwe. Ni kanuni nzuri ya kumaliza mjadala, maana lazima mahali fulani uamuzi ufanyike. Lakini wengi wanaweza kunipa ruhusa tu, hawawezi kunibebea dhamiri. Kura yangu haipotei ndani ya jumla kama tone la mvua baharini. Inabaki na mwandiko wangu, hata nikiwa nimenakili. Ninachodaiwa baada ya kukosea pamoja na wengine ni kuwa mtu wa kwanza asubuhi kusema tukutane tena.

Mimi sikuitisha kikao. Namba ya yule kijana ninayo, nilipewa na mwenzetu mmoja miaka miwili iliyopita. Wenzangu walipokuwa wakipiga picha za Acropolis, nilikaa kwenye jiwe nikamwandikia kwamba jina lake niliandika na mimi, na kwamba sikuwa na sababu.

Hajajibu. Merikebu yangu ilichelewa miaka kumi na moja, na simdai jibu.