Ujira wa Haki Hupimwa kwa Nini?

Siku hizi maneno mengi yanenwa juu ya kima cha chini cha mshahara. Hapa Tanzania, tangu mwezi wa Januari 2026, wastani wa kima hicho kwa kazi zisizo za serikali umepandishwa kutoka shilingi 275,060 hata shilingi 358,322 kwa mwezi. Wako wanaofurahi, wako na wanaonung'unika. Lakini kwanza yatupasa kuuliza: Ujira wa haki hupimwa kwa nini?

Wengine hujibu ya kuwa hupimwa kwa mapatano. Bwana ametaja fedha, mtumishi amekubali. Basi, neno limekwisha. Jibu hili laonekana kuwa jema, maana hakuna aliyeshurutishwa. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mapatano yakivunjika, bwana aweza kungoja hata mwezi ujao; mtumishi hawezi, maana watoto wake watalala na njaa usiku huu. Je, hayo ni mapatano kweli? Kwa sababu hii twaona ya kuwa sheria yafanya vema kuweka mpaka, mtu asipate kununua nguvu za mwenzake kwa bei ya njaa yake.

Zamani katika mashamba ya mkonge watu walifanya kazi kwa kipande cha siku 30, na ujira wao ulihesabiwa kama wa mtu asiye na mke wala mtoto. Ilidhaniwa ya kuwa jamaa yake hula mazao ya shamba la kwao. Hivyo mke aliyelima huko bara alimsaidia mwenye mkonge pasipo kujua, maana jembe lake ndilo lililojaza upungufu wa ujira ule. Mwaka 1954 halmashauri iliyochunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya ilishauri ya kuwa mshahara uwe wa kumtosha mtu pamoja na nyumba yake. Katika Tanganyika baraza lililoongozwa na Donald Chesworth lilichunguza mambo ya ujira, na mwaka 1963 kima cha chini kilianza kutumika katika nchi.

Lakini hatuwezi kuficha upande wa pili. Baada ya hayo mashamba ya mkonge yalipunguza watu. Ni kweli kwamba bei ya mkonge nayo ilianguka baada ya 1964, kwa hiyo si halali kuutupia mshahara lawama yote. Walakini asemaye ya kuwa kupandisha ujira hakumwumizi mtu ye yote, hakupima vema maneno yake. Aliyebaki kazini alipata zaidi. Aliyeondolewa alirudi kwao mikono mitupu. Basi kima na kipandishwe, lakini kwa busara, na aliyepoteza kazi asisahauliwe.

Tena sheria haifiki kila mahali. Afisa wa kazi huingia kiwandani. Jikoni kwetu haingii. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani akaaye kwa bwana wake. Ni wangapi kati yetu waliompa yaya wao hata hizo? Naye aliyempa, je, amemaliza deni lake? Twadhani sivyo. Sheria yaonyesha mahali dhuluma ianzapo. Haisemi ya kuwa hapo ndipo haki inapotimia. Mtu aliye na uwezo wa kulipa zaidi asijifiche nyuma ya sheria.

Basi, ndugu, tusiwanyoshee kidole wenye mashamba makubwa peke yao. Mwisho wa mwezi, kabla ya kumhesabia mtumishi fedha zake, tuhesabu kwanza tulizotumia sisi kwa unga, sabuni, mavazi na dawa. Kisha tujiulize kama mama yake na watoto wake, huko walikobaki wakimngoja, waweza kuishi kwa fedha tulizo nazo mkononi.