Chombo Kimepona, Mnunuzi Hajaja



Kijana mwenzangu, leo tuzungumze habari za mashua. Ndiyo, mashua. Vumilia kidogo, tutafika kwenye Injili.

Mwaka 1966 huko Uingereza ilishushwa majini mashua ya matanga, ya mbao, jina lake Gipsy Moth IV. Mzee Francis Chichester, mtoto wa mchungaji wa Kianglikana, aliondoka nayo Plymouth mwezi Agosti akiwa peke yake. Akazunguka dunia, akapumzika bandari moja tu, Sydney, akarudi Mei 1967 akiwa na miaka 65. Malkia akampa heshima ya kuitwa Sir. Mashua nayo ikapewa heshima yake: ikapandishwa nchi kavu kule Greenwich, London, watu wawe wanakuja kuitazama.

Hapo ndipo ilipoanza kufa. Mbao za chombo zimezoea bahari. Chombo kikikaa juu muda mrefu, jua linakausha mbao, na maji ya mvua yanajipenyeza, yanatuama, mbao zinaoza. Na maji ya mvua, jamani, huozesha mbao kuliko maji ya chumvi! Kufikia mwaka 2004 ilikuwa imechakaa kiasi kwamba iliuzwa kwa pauni moja na glasi ya jini. Sifanyi utani. Jini ni kwa sababu marehemu alikuwa anaipenda.

Walioinunua walitaka vijana waisafirie. Mafundi wakaifumua, wakang'oa vilivyooza, na mwaka 2005 ikaanza tena kuzunguka dunia, safari hii ikiwabeba pia vijana waliotoka kwenye maisha magumu. Aprili 2006 ikapanda mwamba huko Rangiroa, katikati ya Pasifiki, ubavu ukatoboka. Ikanasuliwa, ikapelekwa New Zealand, ikatengenezwa tena, na Mei 2007 ikaingia Plymouth. Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu sana. Lakini kutunza chombo cha mbao ni gharama, na mwaka 2010 likatoka tangazo: inauzwa.

Sasa hapa tukae. Kukarabati mashua ya zamani ni kazi, ila kuiuza wakati mwingine ni kazi zaidi. Watu wanakuja, wanaisifu, wanapiga selfi kwenye usukani. Halafu anakuja mkaguzi na nyundo ndogo. Anagonga ubao mmoja mmoja huku akisikiliza, kwa sababu ubao mzima una mlio wake na uliooza una mlio wake. Anainama mpaka chini kwenye ngama. Anauliza: hapa palikuwa na nini? Mbona ubao huu ni mpya? Mwenye mashua anaona ubao mpya ni sifa. Mnunuzi anaona ni ushahidi kwamba palioza. Anapiga hesabu ya rangi na vanishi ya kila mwaka, gati, bima. Anashukuru kwa heshima, anaondoka, anakwenda kununua ya faibaglasi. Zile saa zote fundi alizopiga magoti, hakuna anayezilipia.

Ubao ni uleule, macho ndiyo mawili.

Nawajua vijana wengi walio katika hali hiyo. Kaka aliyeacha bangi. Dada aliyezaa akiwa shuleni, sasa anataka kurudi kwaya. Mwingine ametoka gerezani. Wamekwenda kwenye Sakramenti ya Kitubio, padri amewaondolea dhambi, mbele za Mungu ni wazima. Wanarudi mtaani, na hakuna anayewataka. Kwenye jumuiya wanasalimiwa vizuri, lakini kazi hawapewi. Akipeleka posa, wazee wanaanza kugonga mbao.

Hebu fungua Mathayo 20, mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Wengi tunakimbilia kwenye ule ugomvi wa dinari. Mimi nakuomba uwatazame wale wa saa kumi na moja. (Saa kumi na moja kweli, jioni, kama saa zetu; hapa Waswahili hatuhitaji kuelezwa.) Bwana anawauliza kwa nini wamesimama bila kazi siku nzima, nao wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Siku nzima wapo sokoni, wanatazamwa, wanapitwa. Wala hawakwenda nyumbani! Yule Bwana hakuuliza mbona wenzako wamekukataa, lazima una kasoro. Aliwaambia waende shambani.

Na usidhani watakatifu hawakupitia hapo. Soma Matendo 9. Paulo ameongoka, amebatizwa, anakwenda Yerusalemu kujiunga na wanafunzi, nao wote wanamwogopa, hawaamini. Walikuwa na sababu, tuseme ukweli. Watu wao walikuwa wamefungwa kwa ajili yake. Barnaba ndiye aliyemshika na kumpeleka kwa mitume, akawasimulia yaliyotokea njiani. Hata hivyo Paulo akaishia kurudishwa kwao Tarso. Baadaye, katika sura ya 11, Barnaba huyohuyo anafunga safari kwenda kumtafuta na kumleta Antiokia. Mtume wa Mataifa naye alikaa akisubiri mtu wa kumwamini.

Kwa hiyo wewe uliyerudi, usipake rangi juu ya ulichotengenezewa. Muuzaji mkweli huonyesha picha za mbao zilizooza, moja baada ya nyingine, na risiti za fundi. Paulo naye katika barua kwa Wagalatia anasema wazi kwamba alilitesa Kanisa. Mkaguzi akija, mwache agonge. Ana haki yake. Kusamehewa leo hakumaanishi ukabidhiwe hazina ya parokia kesho, na anayekwambia hivyo anakudanganya. Ila usikubali kupandishwa nchi kavu, yaani kukaa pembeni unasubiri mpaka watu wakuamini ndipo uanze kusali na kutumikia. Fagia kanisa. Tembelea mgonjwa. Nenda Misa ya asubuhi hata kama benchi lako halina jirani. Na ukipanda mwamba tena, kama ile mashua kule Rangiroa, rudi kwa fundi, hajafunga karakana.

Gipsy Moth IV hatimaye ilipata wanunuzi, Waingereza, wakaibakiza nyumbani.

Na wewe ambaye hujawahi kugongwa na nyundo ya mtu, nina ombi moja. Kwenye kikundi chenu cha vijana yupo mmoja anayekaa karibu na mlango. Jumamosi hii mkigawana huduma za Dominika, mtaje jina lake kwa sauti, mwambie asome somo la kwanza, na ukae naye wakati anafanya mazoezi.